Vitasa vya milango ya ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaokarabati nyumba Dar es Salaam

Kitasa cha mlango wa ndani kinashikwa kutwa nzima, na kila mtu wa nyumba, kwa mikono mikavu na mikono yenye maji. Hata hivyo ndicho kinachonunuliwa mwisho kabisa, hela ikiwa imeshakatika na fundi amesimama mlangoni anasubiri. Nyumba inakamilika, rangi nzuri, marumaru nzuri, halafu mwaka haujaisha mikono ya milango imelegea, imemenyeka, au ufunguo unazunguka bure. Haya hapa maswali yanayotufikia mara nyingi.

Nianze kuchagua muundo au nipime kwanza?

Pima kwanza. Nyumba inayokarabatiwa tayari ina milango, milango ina matundu, na ndani ya mbao kuna nafasi iliyochimbwa kwa ajili ya kitasa cha zamani. Ukinunua kitasa kisichoendana na nafasi ile, fundi itabidi azibe, achimbe upya na apige rangi upya, na kazi hiyo inaweza kukugharimu kuliko kitasa chenyewe.

Vipimo vinne vinatosha. Kwanza unene wa mlango, ambao kwa milango mingi ya ndani uko kati ya milimita 35 na 45. Pili, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la mkono: kwenye vitasa vya mtindo wa Kiingereza utakuta milimita 44 kwa sanduku dogo (ile sehemu ya kitasa inayozama ndani ya mbao) la inchi mbili na nusu, au 57 kwa sanduku la inchi tatu. Tatu, umbali kutoka katikati ya tundu la mkono kushuka hadi katikati ya tundu la ufunguo. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtindo wa Kiingereza ni 57, mtindo wa Ulaya bara wenye silinda (kile kiini cha ufunguo kinachobadilishwa peke yake) ni 72, na vipo vya silinda vyenye 85. Nne, upana wa kile chuma cha mraba kinachounganisha mikono miwili. Vingi ni milimita 8. Ukikitia cha 7 kwenye tundu la 8, mkono utacheza tangu siku ya kwanza.

Kama hesabu za milimita zinakuchosha, fungua kitasa kimoja cha zamani, kitie kwenye mfuko, nenda nacho dukani. Ukishuka mwendokasi Gerezani ukaingia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo, muuzaji akikiona kwa macho atakuletea kinachofanana bila maelezo mengi. Weka cha zamani juu ya kipya, utazame kama matundu yanaonana. Yakipishana hata milimita 3, kirudishe.

Mkono wenye bati refu au wenye kiduara kidogo, upi unafaa?

Kwa nyumba mpya, chagua unaoupenda. Kwa ukarabati, bati refu lina faida kubwa: linafunika makovu. Mlango uliotumika miaka kumi una matundu ya skrubu za zamani, mstari wa rangi iliyoishia kwenye bati la awali, pengine na ufa mdogo karibu na tundu la ufunguo. Bati refu na pana linalala juu ya hayo yote na mlango unaonekana mpya.

Viduara vidogo, vinavyoonekana sana kwenye nyumba mpya za Mbezi na Goba, ni vizuri kwa macho lakini vinaacha kila kitu wazi. Ukivitaka kwenye mlango wa zamani, andaa fundi wa kuziba matundu kwa vipande vya mbao na gundi, kupiga msasa na kupaka rangi mlango mzima. Putty peke yake haitoshi mahali ambapo skrubu mpya inatakiwa kushika.

Vile vitasa vya mviringo vya kukamata na kuzungusha ni bei nafuu. Vina ubaya gani?

Vinafaa stoo, na labda chumba cha wageni kinachofunguliwa mara chache. Mahali pengine tunashauri mkono wa kubonyeza chini, na sababu ni watu wenyewe. Kitasa cha mviringo kinahitaji kiganja kikavu na vidole vyenye nguvu. Mtu anayetoka jikoni na mikono yenye mafuta, mama aliyebeba mtoto mkono mmoja na beseni mkono mwingine, babu ambaye vidole vyake vimekakamaa asubuhi: wote hao mkono wa kubonyeza wataufungua kwa kiwiko, kitasa cha mviringo kitawashinda.

Halafu kuna vifundo vya vidole. Kitasa cha mviringo kikiwa karibu na ukingo wa mlango, kila unapovuta mlango unajikwaruza kwenye fremu. Kama lazima ukinunue, chagua chenye umbali wa milimita 70 kutoka ukingoni badala ya 60.

Naishi karibu na bahari, vitasa vyangu vinaoza. Ninunue vya madini gani?

Swali hili linatoka Kigamboni, Msasani, Kawe, Kunduchi, na hata kwa watu walio mbali kidogo na ufukwe, kwa sababu upepo wa bahari unasafiri na chumvi yake. Ongeza maji ya kisima yenye chumvi ambayo nyumba nyingi za Dar zinayatumia kwa kuoshea, na unyevu wa hewa unaokaa juu karibu mwaka mzima, utaona kwa nini kitasa kinachodumu Dodoma hakidumu hapa.

Vingi vya bei ya chini vimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa kromu juu. Zinki yenyewe siyo mbaya kwa umbo, inashika nakshi vizuri, ila ulinzi wake wote ni ule utando mwembamba wa juu. Pete ya ndoa ikiukwaruza, au funguo zinazoning'inia zikigonga palepale kila siku, chumvi inaingia chini ya utando. Inaanza kama chunusi ndogo nyeupe karibu na shingo ya mkono. Baadaye utando unainuka, unamenyeka, na kingo zake zina ncha zinazokata kiganja. Ukishaona chunusi hizo hakuna dawa. Badilisha.

Chuma cha pua, ambacho mafundi wengi wanakiita stenlesi, kina madaraja. Daraja la 304 lina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, nalo linatosha kwa vyumba vya ndani vya nyumba nyingi za Dar ukilifuta mara kwa mara. Daraja la 316 limeongezewa molibdenamu kama asilimia 2, na ndilo linalostahimili chumvi zaidi. Kwa nyumba inayotazama maji moja kwa moja, weka 316 kwenye milango inayopigwa na upepo wa bahari, 304 ndani zaidi. Kuna pia daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa ili bei ishuke. Dukani linang'aa sawasawa na 304, lakini hapa pwani linapata madoa ya kahawia mapema.

Shaba ya manjano inageuka rangi, inakuwa nyeusi nyeusi, pengine kijani kwenye kona, lakini haiozi. Ukiisugua inarudi. Mapambo ya shaba kwenye milango ya zamani ya Zanzibar yamekaa kwenye hewa ya chumvi vizazi na vizazi, nayo bado yapo. Shaba ina sifa nyingine: mwaka 2008 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilisajili aloi za shaba kuwa nyuso zinazoua bakteria. Sifa hiyo ni ya shaba iliyo wazi, isiyopakwa vanishi.

Jambo moja linasahaulika sana. Mkono unaweza kuwa wa 316 safi, lakini sanduku lililozama ndani ya mbao ni chuma cha kawaida, na skrubu zilizokuja kwenye pakiti ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Miezi michache tu, kila kichwa cha skrubu kinadondosha mstari mwembamba wa kutu juu ya bati zuri. Tupa zile skrubu, nunua za stenlesi za urefu uleule. Ni hela ndogo sana kwa faida unayoipata.

Nikienda na sumaku dukani, itaniambia ukweli?

Itakuambia nusu yake. Sumaku ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa, au stenlesi ya daraja la chini. Isiponasa, bado hujajua: 304 hainasi au inanasa kidogo sana, lakini na 201 hainasi, zinki hainasi, shaba hainasi, alumini hainasi. Kwa hiyo sumaku itumie kukataa, usiitumie kuthibitisha.

Uzito unasaidia. Mkono wa shaba ni mzito kiganjani. Geuza mkono utazame upande wa ndani, ule usioonekana mlango ukishafungwa: hapo ndipo utaona kama utando umeenea vizuri, kama kuna matundu ya hewa ya kumiminwa, kama springi ipo ndani ya bati au haipo.

Rangi nyeusi na ya dhahabu zinadumu?

Inategemea zimewekwaje. Nyeusi ya kupulizwa kama rangi ya kawaida inachakaa pale kidole gumba kinapokaa, na chini yake unaona weupe wa zinki. Nyeusi iliyookwa ya unga inakaa muda mrefu zaidi. Kwa dhahabu, uliza kama utando umewekwa kwa teknolojia ya PVD, yaani madini yanageuzwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa na kugandishwa juu ya mkono. Utando wa namna hiyo ni mgumu na haumenyeki kirahisi. Dhahabu ya kuchovya ya bei rahisi kwa hewa ya Dar hatuipendekezi kabisa.

Rangi ya stenlesi iliyopigwa msasa, isiyong'aa, ndiyo inayoficha alama za vidole vizuri kuliko zote. Nyumba yenye watoto wengi, chukua hiyo.

Leva 2, leva 3, silinda: chumba cha kulala kinahitaji nini?

Leva ni vile vibati vidogo ndani ya kitasa ambavyo ufunguo lazima uviinue kwa kimo sahihi ndipo ulimi usogee. Vikiwa vingi, kazi ya kubahatisha ufunguo inakuwa ngumu. Kwa nyumba ya familia moja, yenye geti na mlango wa mbele madhubuti, chumba cha kulala kinatosha leva 2 au 3. Kazi ya kitasa hapo ni faragha na utulivu.

Nyumba ya kupanga ni habari nyingine kabisa. Kwenye nyumba ya Manzese, Mbagala au Tandika yenye korido katikati na vyumba pande mbili, mlango unaoitwa wa ndani ndio mlango wa nje wa mpangaji. Nyuma yake kuna kila alichonacho. Mwenye nyumba anayekarabati nyumba ya namna hiyo akaweka leva 2 za bei ya chini kabisa anawaonea wapangaji wake, na hatutaki kulisema hilo kwa kuzunguka. Weka silinda nzuri au leva 5, bati la fremu, lile linalopokea ulimi wa kitasa, lenye skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao ngumu ya fremu, na acha nafasi ya komeo la ndani. Mpangaji akihama, silinda inabadilishwa peke yake kwa bisibisi moja, bila kugusa sanduku wala mkono. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda silinda kwenye nyumba ya kupanga.

Silinda ipimwe ilingane na unene wa mlango pamoja na mabati yake mawili. Isichomoze nje ya bati zaidi ya milimita 3. Ikichomoza sana, mwizi anaishika kwa koleo na kuivunja katikati.

Ufunguo wa chumba cha watoto unafungua chumba changu. Ni kawaida?

Kwa vitasa vya leva 2, ndiyo. Vibati viwili vina mipangilio michache tu ya kutofautiana, kwa hiyo katoni moja inaweza kuwa na vitasa vinavyofunguana. Kabla hujalipa, changanya funguo palepale kaunta: chukua ufunguo wa kila kitasa ujaribu kwenye vingine. Vinavyofunguana usivitie kwenye vyumba vinavyotakiwa kutofautiana. Wapo wanaotaka kinyume chake, ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Kwa silinda hilo linawezekana, agiza seti iliyotengenezwa hivyo.

Kwenye mlango wa choo niweke kitasa gani?

Cha choo. Upande wa ndani kina kitufe cha kuzungusha kwa vidole, upande wa nje kina mfereji mdogo unaoweza kuuzungusha kwa sarafu. Hakina ufunguo. Mtoto akijifungia, au mzee akianguka ndani, unafungua kwa sarafu ya shilingi mia na kuingia, huvunji mlango.

Watu wanaweka kitasa cha ufunguo chooni kwa sababu ndicho kilichobaki kwenye boksi. Ufunguo wa chooni unapotea ndani ya wiki, kisha watu wanafunga kwa kuimba au kwa kuweka ndoo mlangoni. Sanduku la choo lina tundu lake tofauti, kwa hiyo lihesabu mapema na uliandike kwenye orodha kama kitu cha peke yake.

Je, ni salama kulala umefunga chumba kwa ufunguo?

Hapa tunaomba usome taratibu. Madirisha yetu yana nondo. Moto ukitokea usiku, au umeme ukileta hitilafu na moshi ukajaa korido, mlango ndio njia pekee ya kutokea. Mtu aliyefunga kwa ufunguo, akautoa, akauweka kwenye mkoba au juu ya kabati, atautafuta gizani ndani ya moshi.

Kama unapenda kulala umefunga, weka silinda yenye ufunguo upande wa nje na kitufe cha kuzungusha upande wa ndani. Unafunga bila ufunguo, unafungua bila ufunguo, hata kwa kupapasa. Kwa kitasa cha leva ambacho tayari unacho, acha ufunguo tunduni usiku kucha. Vyumba vya watoto wadogo visiwe na ufunguo ndani kabisa. Na kila mtu mzima nyumbani aijue namba ya Zimamoto, 114.

Mkono ukae kimo gani?

Takriban mita 1 kutoka sakafuni. Kumbuka kupima kutoka kwenye marumaru mpya: ukarabati unaoinua sakafu kwa sentimita 4 au 5 unashusha mkono kwa kiasi hichohicho. Kwa mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, sentimita 90 zinamfaa zaidi. Mikono yote ya korido moja iwe kimo kimoja. Jicho linaona tofauti ndogo sana.

Fundi alipochimba mlango wa flashi alikuta uwazi ndani. Nimeuziwa mlango feki?

Huenda hapana. Milango mingi ya flashi ni fremu nyembamba ya mbao, katikati kuna karatasi ya sega au vipande vichache, na plaiwudi juu. Mtengenezaji anaweka gogo dogo la mbao kwa ajili ya kitasa, na mara nyingi liko upande mmoja tu, likiwa na alama kwenye ukingo: neno au picha ya kitasa. Fundi akiugeuza mlango, bawaba zinakaa kwenye gogo na kitasa kinachimbwa kwenye hewa. Kitasa hicho kitalegea hata kama ni cha bei gani.

Kabla ya kuchimba, gonga kwa vifundo vya vidole kwenye kimo cha kitasa. Penye mbao sauti ni nzito, penye uwazi inaitika. Ikiwa mlango umeshachimbwa upande usio sahihi, fundi anaweza kusukuma kipande cha mbao ndani pamoja na gundi, akibane, akiache kikauke mpaka kesho yake ndipo achimbe tena.

Mlango wangu ni wa mninga. Kuna la kuangalia?

Skrubu zisigongwe kwa nyundo. Mninga ni mgumu, skrubu iliyogongwa inapasua nyuzi za mbao na haishiki tena. Fundi atoboe kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu. Skrubu za shaba ni laini na zinakatika kichwa zikilazimishwa, kwa hiyo aingize kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, aitoe, kisha aweke ya shaba, ikiwa imepakwa nta ya mshumaa au sabuni kidogo. Mafundi wa Keko wanaofanya samani za mninga wanazijua tabia za mbao hii. Ukipata mmoja wao akufungie vitasa, una bahati.

Masika yakija mlango haufungi mpaka usukumwe. Kitasa kimeharibika?

Kwa kawaida tatizo siyo kitasa, ni mbao zilizonywa unyevu. Kati ya Machi na Mei mlango unavimba, unashuka kidogo kwenye bawaba, na ulimi unakuja chini ya tundu la bati la fremu. Jaribu hivi: paka ulimi chaki, funga mlango, fungua, tazama chaki imegusa wapi kwenye bati. Utajua kama ushushe bati, au ukaze bawaba ya juu.

Usikubali mlango urandwe katikati ya mvua. Utakaporudi ukavu, utabaki na mwanya unaopitisha mwanga. Kaza bawaba kwanza, sogeza bati, kisha hakikisha kingo za juu na chini za mlango zimepakwa rangi au vanishi. Mara nyingi hizo hazijapakwa kabisa kwa sababu hakuna anayeziona, na maji yanaingilia hapohapo.

Mkono unainama chini, haurudi juu. Nibadilishe kitasa chote?

Tazama kwanza skrubu ndogo isiyo na kichwa iliyo chini ya shingo ya mkono. Ikiwa imelegea, ikaze kwa kifunguo cha pembe sita kilichokuja kwenye pakiti. Ikiwa imekaza na bado mkono unainama, springi imechoka. Mikono mizito mirefu inahitaji springi kwenye bati lake yenyewe. Ikitegemea springi ya sanduku peke yake, inaichosha mapema. Ndiyo maana dukani unabonyeza mkono na kuuachia ghafla: urudi juu wenyewe na usimame sawasawa.

Kitasa kwanza au rangi kwanza?

Fundi achimbe na ajaribishe kitasa kwenye mbao ghafi, kisha akitoe. Rangi au vanishi ipakwe, ikauke vizuri, ndipo kitasa kirudi. Rangi iliyopakwa kuzunguka kitasa kilichokwisha fungwa inaacha mdomo mnene, na siku ya kubadilisha inang'oka na ngozi.

Nitajuaje vya feki?

Majina yanayofahamika kama Union, Yale na Solex ndiyo yanayoigwa sana. Angalia maandishi kwenye boksi na kwenye bati la ukingoni: yawe yamechongwa na herufi zilingane. Zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi, ulimi utoke wote bila kusuasua. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Hiyo ndiyo itakayokusaidia kurudisha mali, na ukiona umeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulikia malalamiko hayo.

Ninunue vingapi?

Zunguka nyumba na kalamu, andika kila mlango, kazi yake na upande inapofungukia. Nyumba ya vyumba vitatu yenye vyoo viwili, jiko na stoo ni milango saba ya ndani: mitano ya ufunguo, miwili ya choo. Nunua vyote siku moja duka moja, na kimoja cha akiba. Mzigo mpya ukija, rangi ya nikeli inaweza kutofautiana na ya kwanza, au muundo ukawa haupo tena. Mikono yenye mkunjo ina ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo ule upande ulioandika utakusaidia.

Na milango ya alumini ya chooni?

Fremu yake ni nyembamba, kwa hiyo inahitaji kitasa chembamba maalumu. Cha mlango wa mbao hakiingii. Nenda na cha zamani kama tulivyosema mwanzo.

Kitasa cha alama ya kidole kinafaa ndani?

Kwa ofisi ya nyumbani au chumba cha dawa, sawa. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika kinaendelea, ila chagua chenye tundu la ufunguo wa dharura. Kwa vyumba vingine hela hiyo itafaa zaidi ikiongezwa kwenye vitasa vya kawaida vya daraja la juu.

Nivitunze vipi?

Kitambaa chenye maji safi na sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Jiki isiguse stenlesi: klorini inakula ule utando usioonekana unaoizuia kutu, na madoa yanaanza hapo. Wafanyakazi wa usafi waambieni, kwa sababu kitambaa kilichotoka kudekia choo ndicho mara nyingi kinachopitishwa kwenye mkono wa mlango.

Mafuta ya kula msitie kwenye tundu la ufunguo. Yanaganda, yanakusanya vumbi, ufunguo unakwama. Silinda inataka unga wa grafaiti. Ukikosa, sugua risasi ya penseli laini kwenye meno ya ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa.

Vitasa vya zamani nivitupe?

Vipime kwa mkono kwanza. Kwenye maghorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo unaweza kukuta mikono ya shaba nzito imefunikwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, rangi itainuka, isugue kwa brashi laini na dawa ya shaba. Sanduku likiwa limechoka, nunua sanduku jipya la vipimo vilevile uirudishe mikono yako. Ile ya zinki iliyomenyeka wape wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mtaani, na skrubu nzima zitunze kwenye kopo.